Kwa baiskeli kutoka Watamu: Gede na Arabuko-Sokoke

Wengi wetu tumepita Gede kwa matatu miaka nenda miaka rudi bila kuteremka. Nami nilikuwa hivyo hadi nilipoanza kwenda kwa baiskeli.

Huondoka Watamu baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali. Hadi Gede njia ni ya lami. Baiskeli huiacha langoni, nikaingia magofuni kwa miguu. Mna msikiti mkuu, kasri, na kaburi lililochongwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Wenyewe waliuhama mji karne ya 17. Hao ni wazee wetu: watolee salamu, usikalie kaburi wala kupanda ukuta.

Kisha hushika barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kipande kifupi lakini cha hatari, hadi ofisi ya msitu. Hapo lipa kiingilio na uchukue mwongozaji, kwani ndani mna ndovu. Utakuta mirihi juu ya mchanga mweupe unaomeza tairi. Punguza upepo kidogo. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu, na mvua ikinyesha huganda kwenye magurudumu. Beba maji, pampu na viraka.

Msitu huu, kilomita mraba 420 hivi, ndio mkubwa uliobaki wa aina yake pwani ya Afrika Mashariki. Wageni huvuka bahari kuja kuuona. Mpeleke mwanao, asije akasimuliwa kwao na mtalii.