Watu Wasio na Jina: Historia ya Namba Ngeni Bongo, Kuanzia Kubipu Mpaka Simu Isiyo na Google

Leo simzungumzii msanii wala bifu la mtu. Nawazungumzia mastaa ambao kila Mtanzania ameshawahi kuongea nao ila hakuna anayewajua sura: Mwenye Nyumba, Mganga, Mtoa Huduma na Bwana Mikopo. Hawana jina, wana namba tu.

Iko hivi. Jumamosi moja tulikuwa mnadani hapa Msalato, si mnajua tena, nyama iko kwenye moto, pilipili pembeni, story zinatembea. Simu ya mama mdogo ikaita, namba ngeni. Kapokea. Dakika moja tu sura ikabadilika. Jamaa anamwambia yeye ndiye mdhamini wa binti mmoja wa ukoo wetu, hela isipolipwa leo watamtangaza. Mama mdogo hajawahi kudhamini hata baiskeli. Jioni ikaja meseji ya matusi, kwake na kwa watu kibao walio kwenye simu ya yule binti, mpaka fundi cherehani. Nikajiuliza, hivi tulifikaje hapa?

Namba ngeni ilikuwa habari njema

Simu za mkononi zilianza kuuzwa Bongo mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, ile ile iliyokuja kuwa Buzz, ikawa Tigo, na tangu 2024 inaitwa Yas. Vodacom wakaja mwaka 2000. Vocha ilikuwa ghali, ndo likazaliwa neno kubipu. Unapiga, inaita mara moja, unakata, mwenzio akupigie. Watu waliazimana simu, wengine walipiga kibandani. Kwa hiyo namba usiyoijua ilikuwa ni shangazi, ni ajira, ni mtu kafika salama. Kutoipokea ilikuwa ni dharau. Na tapeli angekupigia akafaidika nini? Hela yako asingeweza kuivuta kupitia kwenye simu.

2008: hela inaingia kwenye laini

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu 2008, na mitandao mingine ikafuata. Ukweli usemwe, ilikuwa ukombozi. Mtu wa Dar anamtumia mama yake Kondoa bila kumpa konda bahasha. Lakini tapeli naye alipata barabara. Zamani ilibidi aje Kariakoo uso kwa uso akuuzie sabuni ndani ya boksi la simu. Sasa anakaa kwao, anatuma meseji mia kwa watu mia: ile hela tuma kwenye namba hii. Hajui unadaiwa na nani, ila anajua kati ya watu mia hakosi mmoja aliyekuwa anataka kutuma hela muda huo huo.

Hapo ndo Mwenye Nyumba akazaliwa. Na Dodoma alipata soko, maana serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, wapangaji wakawa wengi. Mgeni wa mji hajaizoea namba ya baba mwenye nyumba, kodi ya miezi sita iko mkononi, meseji inaingia. Kwisha habari. Akaja Mganga na utajiri wake, akaja wa Freemason, akaja Mtoa Huduma wa uongo anayekwambia kuna muamala umekosewa, mtajie namba ya siri aurudishe.

Serikali nayo ikaingia

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ikataka kila laini isajiliwe. Juni 2016 TCRA wakazima simu feki, mnakumbuka watu walivyobonyeza *#06# nchi nzima. Mwaka 2019, tarehe 1 Mei, ukaanza usajili wa alama za vidole kwa namba ya NIDA. Mwisho ulikuwa Desemba 31, Rais Magufuli akaongeza mpaka Januari 20, 2020. Zile foleni za NIDA mimi sizisahau.

Tuliamini ndo mwisho wa matapeli. Haukuwa mwisho. Kidole kinaonyesha nani alisajili laini, hakionyeshi nani ameishika leo. Kuna watu waliwekeshwa vidole mara mbili tatu, na laini ya ziada ikaondoka na msajili. Ndo maana unaambiwa upige *106# uangalie laini zilizo kwa jina lako, na namba ya tapeli uitume kwenda 15040. Fanya leo, usingoje.

Bwana Mikopo na kitabu chako cha majina

Huyu ndiye aliyempigia mama mdogo, na ni tofauti na wote. Wenzake wanarusha nyavu gizani, yeye anajua majina. Ameyajuaje? Binti alipakua programu ya mkopo, ikamuomba ruhusa ya kusoma namba zilizo kwenye simu, akabonyeza kubali. Siku hiyo hakujiuza yeye peke yake, aliuza na ukoo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Kausha damu walikuwepo mtaani, sasa wakahamia kiganjani.

Sasa hapa ndo patamu. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia programu za kutambua anayepiga. Truecaller ilianzishwa Sweden mwaka 2009, na sifa yake ni kumpa mtu asiye na jina jina. Ila jiulize majina hayo yanatoka wapi. Programu za aina hiyo zinaishi kwa taarifa za watumiaji, kuanzia ripoti zao mpaka, wakiruhusu, majina waliyohifadhi kwenye simu. Yaani unaweza usiiweke kabisa na bado ukawemo humo kama "Dada wa Nguo Sabasaba" kwa sababu mteja wako alikubali. Unamkimbia mtu anayesoma majina yako kwa kumpa mwingine ayasome.

Simu isiyo na Google

Mei 2019 Marekani iliibana Huawei, na simu zao mpya zikaanza kutoka bila huduma za Google. Watu wengi hapo ndo walijua kwamba Android na Google ni vitu viwili. Kumbe kuna watu walishachagua kuishi hivyo kwa hiari: LineageOS, iliyozaliwa mwishoni mwa 2016 baada ya CyanogenMod kufa, au GrapheneOS, ambayo kituko chake inawekwa kwenye simu za Pixel zinazotengenezwa na Google wenyewe. Programu wanazipata F-Droid, duka la programu huria lililopo tangu 2010.

Kuzuia namba huko kukoje? Tangu Android 7 ya mwaka 2016, orodha ya namba ulizozifungia inakaa ndani ya simu yako yenyewe, haihitaji kumuuliza mtu. Fossify, waliojitenga baada ya Simple Mobile Tools kuuzwa mwishoni mwa 2023, wana programu ya kupigia simu inayoweza kukataa kila namba usiyoihifadhi. Hakuna jina linalotoka nje.

Nikamuwekea mama mdogo hiyo ya kukataa zote. Nikajiona mtaalamu. Wiki ya tatu bibi akaanguka bafuni kule kijijini. Jirani akapiga kwa simu yake, namba ngeni, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Mama mdogo alijua saa nne usiku. Bibi alipona, lakini yale masaa mimi ndo niliyafunga kwa mkono wangu.

Hapo nikaelewa. Bongo namba ngeni bado ni shangazi. Bado tunaazimana simu. Kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya watu ambao kila mmoja ana simu yake na chaji hailali, huku inaweza kuumiza.

Sasa simu yake iko hivi: Usinisumbue imewashwa, waliohifadhiwa wanaita, na anayepiga tena ndani ya dakika 15 anaita pia. Ipo kwenye Android ya kawaida, Google iwepo isiwepo. Tapeli mwenye watu mia wa kupigia mara nyingi harudii. Jirani aliyemshika bibi mkono, anarudia.

Na kabla ya kutuma hela, soma jina linalotokea. Wale hawana jina, ila laini zao zinalo, na mara nyingi ni la mtu mwingine kabisa.

Wewe ulipigwa na yupi, Mwenye Nyumba au Bwana Mikopo? Tiririka hapo chini, ila namba za watu usiweke.