Walipunguzwa Ndipo Wakashinda

Kila ikifika tarehe 17 ya Ramadhan, misikitini twasikia habari za Badr, na kisa sote twakijua: Waislamu 313 hivi mbele ya Maquraishi wapatao 1,000. Lakini wangapi kati yetu vijana wanajua kwamba Masahaba wenyewe waliifananisha idadi yao na ya jeshi jingine la zamani zaidi, la Bani Israil? Hebu tulitazame jeshi hilo, kwanza katika Biblia kisha katika Qur'an, tupate kujua nusra ya Mwenyezi Mungu (s.w.t.) huwafikia watu gani.

GIDEONI KATIKA CHEMCHEMI YA HARODI

Katika Biblia, Kitabu cha Waamuzi sura ya 6 mpaka ya 8, Bani Israil walikuwa wameonewa na Wamidiani kwa miaka 7. Mavuno yao yaliporwa, mifugo ikachukuliwa, wao wakakimbilia mapangoni. Gideoni akakusanya watu 32,000 na kupiga kambi penye chemchemi ya Harodi. Adui kule bondeni, kwa hesabu ya kitabu hicho hicho, alikuwa na watu 135,000.

Sasa wewe fikiria. Kamanda yeyote hapo angeomba watu zaidi. Lakini Gideoni aliambiwa watu wake ni wengi mno! Sababu inaelezwa wazi: wakishinda wakiwa wengi watajisifu kwamba mkono wao wenyewe ndio uliowaokoa. Basi wenye hofu wakaruhusiwa kurudi makwao, na 22,000 wakaondoka. Wale 10,000 waliobaki wakashushwa majini kujaribiwa. Waliopiga magoti kunywa wakaachwa. Waliochota kwa mkono na kuramba, watu 300 tu, ndio waliochukuliwa.

Na hao 300 hawakukaa wakingoja muujiza. Gideoni alishuka usiku na mtumishi wake kupeleleza kambi ya adui. Akawagawa watu makundi matatu, kila mmoja na tarumbeta, mtungi mtupu na mwenge ndani yake. Wakafika usiku wa manane, walinzi wakiwa ndio kwanza wamebadilishana zamu. Wakavunja mitungi, wakapiga tarumbeta, na adui kwa kuchanganyikiwa wakageuziana panga wao kwa wao. Biblia yasema aliyefanya hivyo ni Mungu. Lakini mpango ulikuwepo na watu walikuwa macho.

SANDUKU HALIKUWASAIDIA

Biblia hiyo hiyo ina kisa kingine ambacho hakisimuliwi sana, nacho kimo katika Samweli wa Kwanza sura ya 4. Bani Israil walipigwa na Wafilisti, wakapoteza watu 4,000. Badala ya kujiuliza wamekosea wapi, wakatuma watu Shilo wakalete Sanduku la Agano, wakidhani likiwepo tu basi ushindi ni wao. Lilipoingia kambini walipiga kelele za furaha mpaka ardhi ikatikisika. Matokeo? Walikufa 30,000, na Sanduku lenyewe likatekwa. Wana wawili wa kuhani Eli waliokuwa nalo, watu ambao Biblia inawataja kwa ufisadi wao, wakauawa siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo, vijana wenzangu, hata katika Biblia nusra si hirizi. Jina la Mungu mdomoni na kitu kitakatifu mkononi havikumfaa mtu aliyeharibu mwenendo wake.

TALUT NA MTO

Katika Qur'an, Surat Al-Baqarah aya ya 246 hadi 251, mtihani wa maji ni wa jeshi la Talut, ambaye wengi humtambua kuwa ndiye Sauli wa Biblia. Watu walimkataa kwanza kwa sababu hana mali. Kisha walipofika mtoni waliambiwa wasinywe, isipokuwa teko moja la mkono. Wengi wakanywa. Waliovuka naye ni wachache, na hata baadhi yao walipomuona Jalut na majeshi yake wakasema hawana uwezo. Wenye yakini ndio waliowakumbusha kwamba mara nyingi kundi dogo hushinda kundi kubwa kwa idhini ya Allah. Angalia mpangilio wa dua yao: waliomba subira kwanza, kisha miguu iwe imara, ndipo wakaomba nusra. Na Jalut akauawa na kijana, Daud (a.s.).

Al-Bara' ibn Azib (r.a.) amepokewa katika Sahih Bukhari akisema kwamba watu wa Badr walikuwa idadi ya wale waliovuka mto na Talut. Nao Badr, mwaka wa 2 Hijria (624), walipanga safu, wakashika visima, na Mtume (s.a.w.) akakesha kwa dua. Mwaka uliofuata, Uhud, wengi wa wapiga mishale 50 walipoacha kilima walichoamriwa wasikiache, Waislamu 70 wakapata shahada. Watu ni wale wale na dini ni ile ile, ila amri ilivunjwa.

SISI JE?

Leo kuna watu wanaowaambia vijana kwamba Mola yuko upande wao kwa sababu tu wamebeba bendera yenye jina Lake, hata wakiua wasio na hatia. Mtu wa namna hiyo akikujia, mkumbuke yule aliyebeba Sanduku. Uliza kwanza: uadilifu wake uko wapi? Amana yake je?

Na wewe unayefunga, mto wako uko jikoni. Saa tisa alasiri koo limekauka, maji baridi yako karibu, hakuna anayekuona, na hunywi. Askari wengi wa Talut walishindwa na jambo hilo hilo. Basi usiliache liishie magharibi. Ulimi, macho na pesa za watu navyo ni mto.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wale wachache waliovuka. Amin. Ramadhan Kareem.