Kupunguza vitu kabla ya kuhamia kijumba

Kupunguza vitu kabla ya kuhamia kijumba ni kazi ya kuchambua mali yote ya nyumbani ili kuamua kipi kibaki, kipi kiuzwe, kipi kigawiwe na kipi kitupwe, kabla ya mtu au familia kuhamia nyumba yenye eneo dogo sana. Kazi hiyo inajulikana hasa nchini Marekani, ambako harakati za kuishi katika vijumba zimeenea tangu mwisho wa karne ya 20.

Makala hii inatumia neno "kijumba" kwa sababu katika lugha ya mitaani "nyumba ndogo" humaanisha hawara.

Ukubwa wa kijumba

Kanuni ya mfano ya ujenzi wa makazi inayotumiwa na majimbo mengi ya Marekani, katika toleo la mwaka 2018, inaeleza kijumba kuwa nyumba yenye eneo la sakafu lisilozidi futi za mraba 400 (takriban m² 37), bila kuhesabu dari ya kulalia. Kwa kulinganisha, nyumba mpya ya familia moja nchini humo mwaka 2015 ilikuwa na wastani wa zaidi ya m² 240. Anayehama kutoka nyumba ya namna hiyo hawezi kuhama na vitu vyake vyote.

Historia

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mwandishi Henry David Thoreau, ambaye mwaka 1845 alihamia nyumba ya chumba kimoja yenye futi 10 kwa 15 (takriban m² 14) kando ya ziwa Walden, Massachusetts. Katika kitabu chake Walden (1854) aliorodhesha samani zake, zikiwemo kitanda, meza, dawati na viti vitatu.

Mwaka 1999 Jay Shafer alijenga kijumba cha takriban m² 9 katika jimbo la Iowa, na mwaka 2004 Dee Williams alihamia kijumba cha takriban m² 8 mjini Olympia, jimbo la Washington, baada ya kuuza nyumba yake kubwa. Mgogoro wa kifedha wa mwaka 2008, uliowafanya Wamarekani wengi kupoteza nyumba zao, uliongeza hamu ya makazi ya gharama ndogo.

Nafasi na uzito

Vijumba vingi hujengwa juu ya trela. Upana wa kawaida ni futi 8.5 (m 2.6), na kimo hakizidi futi 13.5 (m 4.1), ili viweze kuvutwa barabarani bila kibali maalumu katika majimbo mengi.

Uzito nao una kikomo. Trela yenye ekseli mbili, kila moja ya kubeba pauni 7,000, haitakiwi kuzidi pauni 14,000 (takriban kg 6,350). Hesabu hiyo inajumlisha trela yenyewe, kuta, paa, maji na kila kitu kilichomo. Tangi la maji la lita 150 likijaa lina kg 150, na rafu ya vitabu yenye urefu wa m 1 inaweza kufika kg 30. Vitu vizito vikirundikwa nyuma, trela huyumba inapovutwa, na hilo linaweza kusababisha ajali.

Hatua za kupunguza

* Kupima: ukubwa wa kijumba huchorwa sakafuni kwa chaki, kisha vitu hupangwa ndani ya mstari.
* Kukusanya kwa aina: Mjapani Marie Kondo anashauri kuanza na nguo, kisha vitabu, karatasi na vitu mchanganyiko, na kumalizia na vitu vya kumbukumbu. Nguo zote zikiwekwa pamoja, mwenyewe huona wingi wake.
* Kuondoa vya ziada: sufuria tatu za ukubwa mmoja hubaki moja.
* Kujaribu: vitu vyenye shaka hufungwa katika sanduku lenye tarehe. Visipohitajika kwa miezi kadhaa, huondolewa.
* Kuhifadhi hati: vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi na wosia hubaki katika nakala halisi. Karatasi nyingine zinaweza kupigwa picha.

Katika familia, kila mtu huamua kuhusu vitu vyake, watoto wakiwemo. Kitu kilichotupwa bila idhini ya mwenyewe huzua ugomvi ambao katika nafasi finyu hauna pa kukimbilia.

Vitu vya kumbukumbu

Barua, picha na vitu vya marehemu ndivyo vigumu zaidi kuachana navyo. Nchini Sweden kuna desturi ya mtu mzima kupunguza vitu vyake angali hai ili asiwaachie warithi mzigo. Margareta Magnusson aliieleza katika kitabu cha mwaka 2017. Kumpa mjukuu saa ya babu mapema humpa pia nafasi ya kusikia habari zake.

Vitu vinakokwenda

Wengine hukodi ghala na kulipa kila mwezi, jambo linalohamisha tatizo tu bila kulimaliza. Wengine huuza uani kwao au kutoa kwa mashirika kama Goodwill, lililoanzishwa Boston mwaka 1902.

Nguo zisizouzwa huko husafirishwa ng'ambo kwa marobota, na nyingine hufika Afrika Mashariki kama mitumba, katika masoko kama Gikomba jijini Nairobi. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba ili kulinda viwanda vyake. Mwaka 2018 Marekani iliisimamishia nafuu ya ushuru kwa mavazi. Biashara hiyo hulisha familia nyingi, lakini nguo zilizochakaa huwa taka katika nchi inayozipokea. Kwa sababu hiyo, kununua kidogo tangu mwanzo kunapunguza taka kuliko kutoa vingi baadaye.

Ukosoaji

Wakosoaji husema kwamba kupunguza vitu kwa hiari ni rahisi kwa mwenye uwezo wa kuvinunua tena. Kwa maskini, ndoo ya ziada au kipande cha bati ni akiba, na kuishi katika chumba kimoja si uchaguzi. Pia, dari ya kulalia inayopandwa kwa ngazi huwatesa wazee, na miji mingi ya Marekani hairuhusu kuishi daima katika nyumba ya magurudumu. Anayegawa vitu vyote kabla ya kuhakikisha hilo anaweza kubaki bila vitu na bila mahali pa kuishi.