Tumbo la Mgonjwa Mahututi

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu tumbo la mgonjwa mahututi, yaani mtu aliye kati ya kufa na kupona. Swali letu ni hili: mtu ameungua ngozi, au ameumia kichwa. Kwa nini basi tumbo lake litoke damu?

Habari hii yaanza London, Uingereza, mwaka wa 1842. Daktari mpasuaji, Thomas Blizard Curling, aliandika habari za watu walioungua vibaya kwa moto. Baadhi yao walikufa, na maiti zao zilipochunguzwa vilionekana vidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo, pale unapopokea chakula kutoka tumboni. Moto haukufika huko. Mwaka wa 1932, huko Marekani, Harvey Cushing alieleza jambo kama hilo kwa wagonjwa wa ubongo. Ugonjwa ulikuwa kichwani, vidonda vikatokea tumboni.

Sababu yake ni nini? Chukueni mfano wa wakulima wanaogawana mfereji mmoja. Maji yakipungua, hupelekwa kwanza kwenye mashamba ya chakula, na bustani za maua husubiri. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Ukiingia katika hatari kubwa, hupeleka damu kwanza kwenye moyo na ubongo, na tumbo hupata kidogo. Sasa, ndani ya tumbo mna asidi, maji makali yanayosaga chakula. Ukuta wa tumbo hujikinga kwa ute, na ute huo hauwezi kutengenezwa vizuri bila damu ya kutosha. Damu ikipungua, kinga nayo hupungua, na asidi huanza kuula ukuta wenyewe.

Zamani wagonjwa wengi wa namna hii walikufa mapema, hata tumbo halikupata nafasi ya kuonyesha madhara yake. Mambo yalibadilika mwaka wa 1952, ugonjwa wa polio ulipoenea mjini Copenhagen, Denmark. Wagonjwa wengi walishindwa kupumua. Daktari Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo, hewa isukumwe mapafuni kwa mfuko wa mpira unaobinywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari walipokezana kazi hiyo usiku na mchana, na wagonjwa wengi wakaokoka. Desemba 1953 Ibsen alianzisha chumba maalum cha wagonjwa mahututi.

Vyumba hivyo vilienea duniani. Watu ambao wangekufa kwa siku moja wakaishi majuma mengi, na sasa kutoka damu tumboni kukaonekana wazi. Mwaka wa 1969, mjini Boston, John Skillman na wenzake walieleza kwamba hatari hiyo huwafuata hasa wale walioshindwa kupumua, walioshukiwa na nguvu ya damu, au walioenewa na vijidudu mwilini.

Madaktari wakaingiwa na hofu. Mwaka wa 1976 ikaja simetidini, dawa ya kupunguza asidi, na baadaye ikawa desturi kuwapa wagonjwa wengi wa vyumba hivyo dawa za namna hiyo. Je, wote walizihitaji? Mwaka wa 1994 Deborah Cook na wenzake wa Kanada walitoa jibu. Kati ya wagonjwa 2,252 waliowaangalia, waliotoka damu nyingi walikuwa 33 tu. Lakini karibu nusu ya hao 33 walikufa. Waliokuwa hatarini hasa ni wale waliopumua kwa mashine zaidi ya saa 48, na wale ambao damu yao haikuganda vizuri.

Mwaka wa 2024 Cook na wenzake walitangaza uchunguzi mwingine, wa wagonjwa 4,821 waliopumua kwa mashine. Waliopewa dawa ya asidi, mmoja kwa mia alitoka damu nyingi. Wasiopewa, ilikuwa zaidi ya watatu kwa mia. Hata hivyo idadi ya vifo haikutofautiana sana. Dawa huzuia damu, lakini haiponyi ugonjwa uliomleta mgonjwa hospitalini.

Na chakula je? Siku hizi, damu ya mgonjwa ikishatulia, madaktari hupenda kuanza kumlisha kidogo kidogo kwa mpira upitao puani, mara nyingi katika siku mbili za kwanza. Kwa hiyo ndugu yako akilazwa humo, usimnyweshe uji kwa siri kwa sababu ya huruma. Asiyeweza kumeza vizuri, uji waweza kumwingia mapafuni. Muulize muuguzi. Na ukiona choo cheusi kama lami, au matapishi yenye damu, mwambie mara moja.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini aliyeungua ngozi aweza kupata kidonda tumboni?
2. Kwa nini hatari hii ilionekana zaidi baada ya mwaka wa 1953?
3. Nani wanaohitaji zaidi dawa ya kupunguza asidi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.