Pwani Iliyofanywa Kuwa Tupu

Ramani ya watalii huonyesha duara moja la barabara kaskazini mwa Uskoti. Linaanzia kwenye ngome ya Inverness, linavuka hadi pwani ya magharibi, linapita Applecross, Ullapool na Durness, linageukia mashariki hadi karibu na John o' Groats, kisha linateremka kurudi Inverness. Urefu wake ni maili 516, yaani kilomita 830 hivi, na tangu 2015 njia hiyo inatangazwa duniani kwa jina la North Coast 500. Miongoni mwa walioipenda sana ni wenye karavani na magari-nyumba, watu wanaotaka kulala wakisikia mawimbi na kuamka pasipo jirani. Matangazo huwaahidi majabali, fukwe nyeupe na nchi ambayo mkono wa mtu haujaigusa. Majabali yapo na fukwe zipo. Lakini nchi isiyoguswa haipo, wala haijakuwapo kwa maelfu ya miaka. Upweke wa pwani hii ulitengenezwa na binadamu, kwa amri na kwa moto, na wembamba wa barabara unaomtoa jasho dereva wa leo ni sehemu ya historia hiyohiyo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kupanga safari ya huko bila kuijua historia hiyo ni kupanga nusu.

Tuanze na bonde la Strathnaver, katika Sutherland. Mwanzoni mwa karne ya 19 bonde hilo lilikuwa na vijiji vya wakulima na wafugaji waliosema Kigaeli. Ardhi ilikuwa mali ya Elizabeth, Countess wa Sutherland, na wasimamizi wake waliona kwamba kondoo wangeleta kodi kubwa kuliko wapangaji maskini. Mwaka 1814, na tena 1819, familia zilitolewa na nyumba zikachomwa ili wenyewe wasirudi. Patrick Sellar, aliyeongoza kazi hiyo mwaka 1814, alikuwa pia mpangaji aliyeitaka ardhi hiyo kwa ajili ya kondoo wake mwenyewe. Alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa uchomaji na kusababisha vifo, akaachiwa huru. Waliofukuzwa walisukumwa ufukweni, wakapewa vipande vya ardhi ya mawe na kuambiwa wajifunze uvuvi. Bettyhill, mahali ambapo magari-nyumba husimama leo kutazama mdomo wa mto Naver, ni makazi ya watu waliohamishwa hivyo, na yanaitwa kwa jina la bibi huyohuyo mwenye ardhi. Upande wa mashariki, karibu na Helmsdale, yapo magofu ya Badbea, kijiji kilichowekwa juu ya genge lenye upepo mkali kiasi kwamba, kwa simulizi za wenyeji, mifugo na hata watoto walifungwa kamba wasipeperushwe baharini. Watu wa bonde la Glencalvie, walioondolewa mwaka 1845, walijihifadhi katika ua wa kanisa la Croick na kuchora majina na maneno yao kwenye vioo vya madirisha. Michoro hiyo inasomeka hadi sasa. Huu ndio utupu tunaouita mandhari.

Barabara nazo zina ushahidi wao. Za kwanza zilizojengwa kwa mpango katika nyanda hizi za juu zilikuwa za jeshi, baada ya uasi wa 1715 dhidi ya mfalme, ili askari wafike upesi kwa koo zisizotii. Kisha, kuanzia 1803, serikali ilimtuma mhandisi Thomas Telford, na kwa muda wa miaka ishirini hivi zikajengwa zaidi ya maili 900 za barabara na madaraja yapatayo elfu moja, nusu ya gharama ikilipwa na wenye ardhi. Kipande kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni kile cha Wester Ross, kati ya Braemore na Dundonnell. Mwaka 1846 ugonjwa uliteketeza viazi, na wakulima wadogo hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea. Msaada ulikuja, lakini waliosimamia misaada waliogopa kumlisha mtu bure: mwenye njaa alitakiwa kuvunja mawe kutwa nzima ndipo apimiwe unga. Barabara waliyoijenga inaitwa hadi leo Barabara ya Ufukara, na magari ya starehe yanaipita kila siku ya kiangazi. Katika rasi ya Applecross mambo yalikwenda polepole zaidi. Barabara ya Bealach na Bà, iliyojengwa 1822, hupanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 626 kwa kona kali, na vijiji vya kaskazini mwa rasi vilibaki na njia ya miguu tu mpaka miaka ya 1970. Wakati huo vijana wengi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Na mtindo wenyewe wa kusafiri na nyumba ulianza wakati ugomvi wa ardhi ukiwa mkali. Mwaka 1885 William Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini na mwandishi wa hadithi za vijana, aliagiza gari la mbao lenye uzito wa tani mbili hivi, likivutwa na farasi wawili, lenye kitanda, jiko na rafu za vitabu. Aliliita Wanderer. Alitoka Twyford, kusini mwa Uingereza, akaishia Inverness, pale ambapo duara la sasa linaanzia. Wengi humhesabu kuwa baba wa safari za karavani kwa starehe. Mwaka mmoja kabla ya safari yake, tume ya serikali iliyoongozwa na Lord Napier ilikuwa imetoa taarifa juu ya dhiki za wakulima wadogo. Mwaka mmoja baada yake, 1886, sheria iliwapa kinga ya kutofukuzwa ovyo. Katika nchi moja na miaka ileile, mtu alijijengea nyumba ya kuhamahama kwa raha, huku wengine wakipigania nyumba wasihamishwe.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba umaskini ungewaondoa watu hao hata kama kondoo wasingekuja, na kwamba njaa ya viazi ni ushahidi wa hilo. Ni kweli kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka na wengi walihamia Kanada kwa hiari. Lakini kwa nini watu walitegemea viazi peke yake? Kwa sababu vipande vidogo vya ufukweni walivyobanwa ndani yake havikuweza kulisha familia kwa zao jingine. Njaa ya 1846 haiwezi kuwatetea waliofukuza. Nayo pia inatokana na kazi yao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: utalii unaleta fedha mahali palipokosa ajira, na anayeishi huko hali historia. Nakubali, ila fedha hubaki kwa wenyeji pale tu mgeni anapolala na kununua kwao. Gari lililojazwa vyakula Inverness na kulazwa bure kando ya barabara huacha vumbi na taka. Wengine hudhani sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inawaruhusu. Sheria hiyo inampa haki mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli na mwenye hema dogo. Vyombo vya moto havimo.

Kwa hiyo anayepanga safari aanze na upana wa barabara, wala si na picha. Sehemu kubwa ya magharibi ni njia ya gari moja yenye vituo vya kupishana, na vituo hivyo si vya kulala. Bibi anayekwenda kwa daktari na lori la samaki wanavihitaji. Mwenye karavani aiache Bealach na Bà, ambako kibao mwanzoni mwa mlima kinamshauri asipande, aende Applecross kwa barabara ya pwani kutoka Shieldaig. Vivyo hivyo barabara ya Drumbeg, katika Assynt, haifai kwa magari makubwa. Lakini Assynt asipaache. Huko, mwaka 1993, wakulima wadogo walichanga fedha na kuinunua ardhi ya North Lochinver kutoka kwa wafilisi wa kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Viwanja vya kuegesha na kulala vinavyoendeshwa na wenyeji vipo pwani hiyo. Weka nafasi mapema, lipa, na ununue mkate wako hapohapo.