Utando kwenye miti ya mepo: namna ya kumtambua mdudu na kuutibu mti

Miti ya mepo, ambayo jani lake limo katika bendera ya Kanada, hupandwa kwa wingi kando ya barabara na mbele ya nyumba katika Amerika ya Kaskazini kwa ajili ya kivuli na rangi ya majani yake wakati wa mapukutiko. Baadhi ya miti hiyo huonekana imetandwa utando mweupe, na mara nyingi mwenye nyumba hukimbilia dawa kabla ya kumjua aliyeusuka. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa kuwa dawa isiyo mahali pake huweza kumwongeza mdudu badala ya kumpunguza.

Mahali na majira ya utando

Utando mkubwa unaofunika majani kwenye ncha za matawi, kuanzia katikati ya kiangazi hadi mapukutiko, kwa kawaida ni kazi ya viwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Hyphantria cunea. Viwavi hao wenye manyoya marefu hula majani wakiwa ndani ya utando, na huupanua kadiri chakula kinavyopungua. Asili ya nondo huyo ni Amerika ya Kaskazini. Aligunduliwa nchini Hungaria mwaka 1940 na Japani mwaka 1945, na sasa ameenea katika nchi nyingi za Ulaya na Asia.

Utando mzito unaojitokeza majira ya kuchipua, kwenye panda za matawi, ni wa viwavi wa jamii nyingine. Hao hutoka kwenda kula na kurejea kupumzika. Hupendelea zaidi miti ya cheri na tufaha.

Utando mwembamba sana, ulio chini ya majani na kati ya vikonyo, huashiria utitiri, jamaa wa buibui mwenye miguu minane, ambaye wakulima wa nyanya Afrika Mashariki wanamfahamu vyema. Majani hujaa vitone vyeupe, kisha hugeuka rangi ya shaba, hasa wakati wa joto na ukame. Ili kuthibitisha, tawi hugongwa juu ya karatasi nyeupe: vitone vidogo vinavyotembea ndio utitiri wenyewe.

Utando usioambatana na jani lolote lililoharibika huenda ni wa buibui wa kawaida. Huyo huachwa, kwani hula wadudu.

Tiba

Kiota cha viwavi kilicho karibu hukatwa pamoja na ncha ya tawi, kikatumbukizwa katika maji ya sabuni. Kilicho juu huchanwa kwa ufito mrefu ili ndege na nyigu wawafikie viwavi. Viwavi wakiwa wangali wadogo, dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis aina ya kurstaki hufaa, mradi inyunyizwe kwenye majani yanayozunguka utando, kwa sababu ni lazima wailie. Kiota kisichomwe moto mtini: moto hudhuru gome kuliko viwavi.

Dawa hiyo ya bakteria haiui utitiri. Utitiri huoshwa kwa maji yenye nguvu chini ya majani, kwa kurudiwa baada ya siku chache, na mti humwagiliwa wakati wa ukame. Ukizidi, hutumika sabuni ya kuulia wadudu. Mafuta ya bustani huhitaji tahadhari, kwani huweza kuunguza majani ya mepo ya Kijapani. Viuatilifu vikali kama vile vya jamii ya pairethroidi huua wadudu wanaoula utitiri, nao hurudi kwa wingi zaidi.

Lini kutofanya lolote

Mti mkubwa wenye afya, ukipoteza majani karibu na mapukutiko, kwa kawaida huchipua tena mwaka unaofuata, kwa kuwa umekwisha kujiwekea akiba ya chakula. Wa kushughulikiwa mapema ni mti mchanga, uliopandikizwa karibuni, au uliokwisha kudhoofishwa na ukame.