Maneno Hufuata Kazi: Historia Fupi ya Kiingereza cha Mpanda

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, lawama ileile hurudi: vijana wetu hawajui Kiingereza. Mmoja humlaumu mwalimu, mwingine humlaumu mtoto, wa tatu huzilaumu simu. Mimi nafundisha historia, na historia hunilazimisha kuuliza swali la namna nyingine. Maneno ya Kiingereza yalifikaje mji kama Mpanda? Kwa nini baadhi yalikaa vinywani mwa watu wasiowahi kuingia darasani, ilhali mengine huandikwa ubaoni kila wiki na kufutika pamoja na chaki? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba msamiati wa kila siku hujengwa na shughuli za kila siku. Palipo na kazi inayofanywa kwa lugha fulani, maneno ya lugha hiyo hukaa. Pasipo na kazi, orodha ya maneno hubaki orodha.

Tuanze na mgodi. Katika miaka ya 1940, kampuni ya Uruwira Minerals ilijizatiti kuchimba madini ya risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu, katika mgodi wa Mukwamba. Madini hayo yalihitaji njia ya kutokea. Ndiyo sababu ikajengwa reli ya tawi yenye urefu wa takriban kilomita 210 kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda. Katika nchi ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe ukaingia ulimwengu wa mashine, na mashine hazikuja bila majina. Mgodi ulifungwa kufikia 1960, lakini reli ilibaki, na maneno yalibaki.

Fikiria maneno haya: reli, treni, stesheni, tiketi, injini, breki, pampu, winchi, spana, shifti, tochi, leseni. Sisemi kwamba yalizaliwa Mpanda. Yalikuwa yakienea Afrika Mashariki nzima kwa njia ya bandari, jeshi, karakana na mashamba ya mkonge. Ninachosema ni kwamba mgodi na reli ni aina ya mahali palipoyafanya yawe ya lazima. Mtu aliyeambiwa alete spana akaleta nyundo alijifunza neno hilo siku hiyohiyo, na hakulisahau. Kitu kilikuwa mkononi, kazi ilikuwa mbele yake, na kosa lilikuwa na gharama.

Wala watu hawakuyapokea maneno hayo wakiwa wamelegea. Waliyavika nguo za Kiswahili. Amri ya kijeshi ya kujipanga mstari, "fall in", ikawa foleni. "Mudguard" ya gari ikasikika kama yenye kiambishi cha wingi, ikawa madigadi, na kwa hiyo moja ikawa digadi. Kibao cha barabarani kilichomwamuru dereva ashike kushoto, "keep left", kikageuka kuwa jina la mzunguko wenyewe: kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Nyumbani nako zikaingia kabati, glasi, soksi, shati na blanketi. Hii ni kazi ya akili yenye sarufi kamili, iliyofanywa na watu ambao vitabu vya serikali ya kikoloni viliwahesabu kuwa hawajasoma.

Hata hivyo, tusiupambe mgodi. Msamiati uliopatikana pale ulikuwa wa kuagizwa. Mfanyakazi alipewa jina la chombo na la zamu yake. Hakupewa maneno ya kujadili mkataba wala ya kusoma sheria iliyomhusu. Maneno hayo yalihifadhiwa shuleni, na shule zilikuwa chache. Chini ya Waingereza, mtoto alianza kwa Kiswahili, na wachache waliofika madarasa ya juu ndio waliofundishwa kwa Kiingereza. Lugha ikawa lango lenye mlinzi. Huko ndiko ilikotoka heshima tunayompa hadi leo mtu anayezungumza Kiingereza ofisini, hata kama hajasema jambo lolote la maana.

Katika miongo hiyohiyo, wataalamu wa lugha walikuwa wakitafuta maneno machache ambayo mgeni angeweza kuanza nayo. Mwaka 1930, C. K. Ogden wa Uingereza alichapisha orodha ya maneno 850. Mwaka 1953, Michael West alitoa orodha yake maarufu ya maneno yapatayo 2,000. West alikuwa amefundisha Bengal, na huko aliona kwamba watoto wengi huacha shule kabla ya kumaliza. Akauliza swali ambalo kila mtunga mitaala wa Tanzania angepaswa kulibandika ukutani: mtoto akiacha shule leo, Kiingereza alichokwisha kujifunza kinamfaa nini kesho? Kwa maoni yake, kila hatua ya masomo lazima iwe na faida yake yenyewe.

Tulijibuje swali hilo? Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma. Ulikuwa uamuzi wa haki na wa busara. Lakini sekondari ilibaki kwa Kiingereza. Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na kisha vyuo vikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984, Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza shuleni na kukuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuimudu lugha waliyofundishiwa. Kilichofuata ni mradi wa msaada wa Uingereza wa kupeleka vitabu vya hadithi rahisi sekondari. Vitabu vilikuwa vizuri. Mfumo uliovihitaji haukuguswa.

Sasa tupime ukubwa wa pengo hilo. Kwa hesabu za Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, msomaji anayetaka kuelewa maandishi ya kawaida ya Kiingereza bila msaada huhitaji kujua takriban familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Maneno 2,000 ya West ni msingi tu wa nyumba. Mtoto wa Mpanda humaliza darasa la saba akiwa amejifunza Kiingereza kama somo moja kati ya mengi, kwa vipindi vichache kwa wiki. Nyumbani, sokoni, msikitini na kanisani hakihitaji. Mwezi Januari anaingia kidato cha kwanza, na baada ya kozi fupi ya maandalizi anadaiwa aeleze usanisinuru kwa Kiingereza. Huko ni kumdai mtu deni ambalo hakukopeshwa.

Atakayesema kwamba watoto wa mikoa ya pembezoni ni wazito wa lugha, ushahidi wa kumjibu uko palepale Katavi. Mwaka 1972, maelfu ya Warundi walikimbia mauaji nchini mwao. Wengi walipewa makazi Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye, kuanzia 1978, Mishamo. Walikuja na Kirundi, na baadhi ya waliosoma walikuja na Kifaransa. Watoto wao walikua wakisema Kiswahili. Serikali ilipotoa uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo la 1972, ilikuwa ikiwapokea watu ambao kwa lugha walikwisha kuwa Watanzania. Hakukuwa na muujiza. Shule ilifundisha kwa Kiswahili, soko liliuza kwa Kiswahili, na ofisi ya makazi iliandika kwa Kiswahili. Lugha ilikuwa na kazi, maneno yakaja kuifanya.

Kwa hiyo tatizo letu halimo katika vichwa vya watoto. Tumekipa Kiingereza mamlaka ya kumfelisha mtoto, lakini hatukukipa kazi katika maisha yake. Na hata kazi kilizokuwa nazo zinapungua: mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, nami naliunga mkono jambo hilo kikamilifu. Sera ya Elimu ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote. Mlango ulifunguliwa, hatukupita. Wakati huohuo, mwenye fedha humpeleka mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza, anunue maneno yale ambayo mtihani wa taifa utamwuliza kila mtoto bila kujali aliyanunua au la.

Napendekeza mambo mawili, na yanakwenda pamoja. Kwanza, sayansi, jiografia na historia zifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaifikiria. Pili, Kiingereza kifundishwe vizuri kama lugha, kwa kuanzia na maneno ambayo mtoto tayari anayo bila kujua kwamba anayo. Mwalimu wa Mpanda anayeingia darasani na stesheni, tiketi, injini na kabati haanzi na sifuri. Kutoka hapo apande kwenye maelekezo ya dawa, risiti, fomu, tangazo la kazi na mkataba, yaani maneno yatakayomfaa kijana hata akiishia kidato cha pili.

Watumishi wa umma wanaosoma makala hii wana sehemu yao. Mkulima anayekabidhiwa hati ya Kiingereza aitie dole gumba yuko palepale alipokuwa mfanyakazi wa Mukwamba: ana maneno ya kutii, hana ya kuuliza. Mgodi ule ulikuwa wa kampuni ya kigeni, chini ya serikali ya kigeni. Hati ya leo inatoka katika ofisi yetu wenyewe, na mwenye kalamu ni sisi.